Nipo Iliyokataa Kukaa

Jumatatu, 4 Novemba

Siku kubwa! Bi Firdausi ametukusanya karakanani, hapa Kibaha, akatangaza kwamba Mzee Bilali hatarudi. Magoti yamemshinda, ameenda kupumzika kwao Mlandizi. Karakana inataka fundi mkuu mpya. Bi Firdausi ndiye mwenye mitambo yote: vijiko viwili vya kuchimbia, greda moja na mtambo mmoja wa kushindilia. Hakutaja jina la mtu. Alitutazama tu. Jicho lake lilikaa kwangu sekunde tatu. Kwa Ponsiano mbili. Nilihesabu.

Wagombea ni wawili. Mimi, Isihaka Pazi, miaka kumi na minne kazini. Na Ponsiano, mwenye cheti. Ponsiano ananawa mikono kabla ya kazi! Baada ya kazi ningeelewa.

Keshokutwa kijiko cha njano kinaenda Kisarawe, kata ya Masaki, kuweka makalavati mahali maji yalipokata barabara. Bi Firdausi anataka kila kiungo kinywe grisi kabla hakijapandishwa lori. Hajamaliza sentensi, mimi nimeshanyoosha mkono. Mikono yote miwili.

Kazi yenyewe ni ya kitoto. Kila kiungo kina nipo yake, kale kachuma kadogo kenye kichwa cha duara, unakobandika mdomo wa pampu ili grisi iingie ndani. Nipo kumi na tisa zilikunywa vizuri. Ya ishirini, ya pini kubwa karibu na ndoo, ikagoma. Grisi ilitoka pembeni. Nikaishika kwa praizi, nikakaza. Ikazunguka. Nikakaza zaidi. Ikazunguka tena, na tena, haina mwisho. Halafu ikatoka yenyewe mkononi, na unga wa chuma unaong'aa.

Ule unga ndio uliokuwa meno ya tundu. Tundu sasa ni kibogoyo.

Hakuna aliyeona. Nimeirudisha nipo kwa kidole gumba. Ukiitazama kwa mbali hujui kitu. Nimeitazama kwa mbali mara nne.

Jumanne, 5 Novemba

Nimeamka na jawabu. Ile tepu nyeupe ya mafundi bomba! Kama inazuia maji kwenye bomba, grisi ni nani? Nimeizungusha kwenye nipo mpaka ikanenepa kama kidole kilichofungwa bandeji. Nikaigongea kwa nyundo. Ikakaa imara kabisa.

Nikaweka pampu. Nikabana mara moja, mbili, tatu. Raha tupu. Mara ya sita, paa! Nipo iliruka ikavuka karakana nzima. Ponsiano ndiyo kwanza alikuwa anafungua hotipoti lake la maharage. Ikatua humo humo.

Mtu mwingine angepiga kelele. Yeye aliitoa kwa kijiko, akaifuta, akaitazama pande zote, akauliza kama ni yangu. Nikamwambia nilikuwa napima nguvu ya pampu. Akasema tundu la hivyo linataka tepu tu. Nikamwambia najua, nimeshaweka. Akauliza tepu ya ukubwa gani. Nikamjibu, nyeupe.

Kisha akanieleza taratibu, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia, kwamba tepu yake yeye ni chuma cha kukatia meno mapya ndani ya tundu. Unalipanua tundu kwa drili, unakata meno, unafunga nipo kubwa zaidi. Saa moja, imekwisha. Akasema zana anazo, nichukue.

Nichukue! Bi Firdausi anione nimeshika kisanduku cha Ponsiano, chenye jina la Ponsiano kwa rangi nyekundu? Nikamshukuru. Nikamwambia njia hiyo ni ya zamani kidogo.

Jumatano, 6 Novemba

Ushindi!

Saa kumi na mbili asubuhi nilikuwa dukani kwa mtu wa vipuri, bado anafungua kufuli. Nikanunua gundi ya chuma, ile ya mirija miwili unayochanganya mpaka inakuwa kijivu. Nimejaza tundu, nimepaka nipo, nimeisukuma ndani. Baada ya saa moja ilikuwa jiwe. Nikapitisha rangi ya njano juu yake, na kwa ajili ya usawa nikazipaka zile kumi na tisa nyingine. Kijiko kilipendeza kama bwana harusi.

Bi Firdausi alikizunguka mara mbili. Akagusa nipo yangu kwa ncha ya kalamu. Akauliza kama kila kitu kipo sawa. Nikamjibu kwamba grisi ipo, nipo zipo, na mimi nipo. Akacheka! Bi Firdausi huwa hachekagi. Kisha akasema mbele ya wote kwamba mimi ndiye nitakayekwenda Masaki kukitunza kijiko mpaka kazi iishe, Ponsiano abaki na greda. Nilimtazama Ponsiano. Alikuwa ananawa mikono.

Lori la mitambo liliondoka saa nne, nami nimekaa mbele kwa dereva kama waziri. Tumevuka Kiluvya ndipo wazo likanijia. Gundi nimejaza tundu. Lote. Grisi itapita wapi?

Nimekosa usingizi wa njiani.

Alhamisi, 7 Novemba

Masaki. Huku ni kwa wakwe. Mke wangu Mwanahalima amezaliwa hapa, na mama yake, Bi Raudha, anakaa ng'ambo ya hilo korongo lililokata barabara. Korongo lina kina cha mtu na nusu. Pikipiki hazivuki. Watu wanashuka na mizigo kichwani, wanapanda upande wa pili wakishika mizizi. Juzi mjamzito mmoja amevushwa kwenye machela ya miti, wanaume sita, na nusura wamwangushe.

Nimekwenda kumwamkia mama mkwe. Nyumba nzima imejaa korosho, magunia kumi na moja, hata mahali pa kukaa hakuna. Yanatakiwa yafike ghala la chama cha msingi kabla ya mnada wa Ijumaa ya wiki ijayo, mvua haijayakuta. Akaniuliza kama kijiko kitawahi. Nikamwambia kiko mikononi mwa mkwewe. Akauliza mkwewe ni nani huko kazini siku hizi. Sijui nini kilinipata. Nikasema fundi mkuu.

Alifurahi mno. Akanichinjia kuku. Kuku akishachinjwa, mtu huwezi tena kurekebisha maneno.

Opereta wa kijiko ni Mzee Shomari, mtu wa hapa hapa Kisarawe, miaka thelathini kwenye usukani. Mwembamba, mpole, anasema bismillahi kabla ya kuwasha na alhamdulillahi baada ya kuzima. Nilipomwamkia shikamoo aliitikia marahaba huku ameshatazama nipo yangu. Akauliza nani kaipaka rangi. Nikasema ni utaratibu mpya. Akasema miaka yote thelathini hajawahi kuona nipo iliyopakwa rangi mpaka mdomoni.

Ijumaa, 8 Novemba

Kijiko kinalia.

Kilianza saa tatu, kidogo tu, kama mlango wa choo. Saa nne kilikuwa kinalia kama punda. Kila Mzee Shomari anaponyanyua ndoo, kilio. Anapoishusha, kilio. Akazima. Akasema pini ni kavu, inajila, niipe grisi.

Nikaipa. Yaani nilibandika pampu, nikabana kwa uso wa mtu anayebana kweli kweli, na grisi yote ikanimwagikia mkononi. Nikaisambaza nje kwa kidole ili ionekane imeshiba. Akawasha. Kilio kile kile.

Mzee alipokwenda kwenye sala ya Ijumaa, mimi nilichelewa makusudi (Mungu ananijua) nikakimbilia kwa mama mkwe kuomba mafuta ya kula. Hakuuliza ya nini. Fundi mkuu haulizwi. Nikayamimina kwenye kila upenyo wa ile pini, chupa nzima, kisha nikawahi msikitini rakaa ya mwisho.

Mchana kilio kilikwisha! Nusu saa ya amani kamili. Bi Firdausi alipiga simu wakati huo huo, nikamwekea simu karibu na kijiko asikie utulivu wenyewe. Tatizo likawa moja. Chuma kilipopata joto, kijiko kilianza kunukia maandazi. Vibarua wa makalavati wakaanza kuulizana nani anapika. Mmoja akaapa harufu inatoka kwenye mkono wa kijiko. Mzee Shomari akashuka, akanusa pini, akanitazama, akapanda tena.

Saa kumi kilio kimerudi. Sasa kinalia na kunukia.

Jumamosi, 9 Novemba

Leo nimeamua kutoboa gundi. Wazo safi. Nikifungua njia nyembamba katikati, grisi inapita, hakuna anayejua.

Drili sina. Nimepanda pikipiki mpaka Msimbu kwa seremala mmoja, akaniazima keke yake ya mkono ya kutobolea mbao. Aliniuliza natoboa mti gani. Nikasema mgumu.

Mzee Shomari alikuwa anakunywa chai na vibarua. Nikazungusha keke. Gundi ikaanza kutoka unga. Nikaimba kimoyomoyo. Nikazungusha kwa nguvu zaidi, tak! Ncha imekatikia ndani.

Hesabu ya tundu lile hivi sasa: tepu nyeupe, gundi ya chuma, nusu ya ncha ya seremala. Grisi: hakuna.

Nilimwambia Mzee Shomari kwamba kitaalamu kijiko kinahitaji kupumzika mpaka Jumatatu. Akasema hajawahi kusikia chuma kinachoka. Lakini mawingu yalikuwa yameanza kujikusanya na vibarua walitaka kwenda makwao, kwa hiyo akakubali. Yamewekwa makalavati mawili tu kati ya sita.

Jioni mama mkwe alinitumia samaki wa nazi, wa fundi mkuu. Nimemla kwa shida. Nimemmaliza, lakini kwa shida.

Jumapili, 10 Novemba

Balaa!

Mwanahalima amepiga simu asubuhi. Sauti yake ilikuwa ya sherehe. Ananiita Baba Yahya kila baada ya maneno matatu, na akifanya hivyo ujue ana furaha au ana ombi. Akasema mama yake amemweleza yote. Kwa nini nimemficha mke wangu jambo kubwa namna hii? Nikataka kusema. Akanikatiza. Akasema jana alikuwa kwenye harusi ya jirani, na nani alikuwa amekaa meza ya mbele? Bi Firdausi! Akamwendea, akampigia magoti, akamshukuru kwa kumpa mumewe ufundi mkuu.

Nikauliza Bi Firdausi alisemaje. Mwanahalima akasema alitabasamu tu, halafu akauliza kijiko kinaendeleaje. Kisha akasema atakuja Masaki Jumanne kujionea.

Na Ponsiano anakuja naye.

Nimekaa juu ya kalavati mchana kutwa. Watu wa ng'ambo walikuwa wanavusha vitu vyao. Nimemwona mama mkwe mwenyewe ameshuka korongoni na debe la korosho kichwani, kashika mzizi kwa mkono mmoja. Nikateremka nikampokea. Akaniambia magunia atayavusha hivyo hivyo, debe kwa debe, kama kijiko hakitawahi. Madebe hayo hayahesabiki. Nilimwambia asihangaike. Alinipa dua ndefu pale pale korongoni, na kila neno la dua lilinichoma.

Lakini siku haijaisha. Bado Jumatatu ipo.

Jumatatu, 11 Novemba

Naandika kwa mkono wa kushoto. Wa kulia umefungwa kitambaa.

Mpango ulikuwa huu. Kama nipo haikai kwa meno, wala kwa tepu, wala kwa gundi, itakaa kwa moto. Nikamwita Tito, mchomeleaji wa Msimbu, akaja na jenereta yake nyuma ya bajaji ya mizigo. Nikamtuma Mzee Shomari akaangalie kama makalavati yaliyobaki hayana nyufa. Alipofika la tatu, tulikuwa tumeshawasha.

Tito aliuliza kama ndani ya pini kuna kitu kinachowaka. Nikasema hakuna. Sikukumbuka chupa ya mama mkwe.

Kwanza ulikuja moshi. Kisha harufu ya maandazi yaliyoungua. Kisha ulimi wa moto, rangi ya machungwa, mrefu kama mkono wangu, ukatoka kwenye pini ukalamba bomba la mafuta ya mtambo. Tito alitupa kifaa akakimbia mpaka barabarani. Mimi nikapiga kwa kitambaa, kitambaa kikashika moto. Mama mmoja aliyekuwa anapita na ndoo ya mihogo iliyolowekwa alinipokonya nafasi, akamwaga yote. Maji, mihogo, kila kitu. Moto ukazima. Vipande vya muhogo vikabaki vinaning'inia kwenye kijiko cha njano.

Mzee Shomari alikuja anatembea. Hakukimbia. Akazima jenereta, akatoa ufunguo wa kijiko, akautia mfuko wa kanzu. Akaniambia nikae. Nikakaa chini.

"Isihaka, unajua wakati nanyanyua kalavati, chini yake kunakuwa na nani?"

Nikasema vibarua.

"Watu wanne. Na minyororo inashikilia kwenye hiyo ndoo, na ndoo inashikiliwa na hiyo pini. Pini ikikatika, mimi huku juu nitabaki mzima. Wao je? Sasa niambie, umeficha nini ndani ya lile tundu?"

Sikuwahi kulifikiria hivyo. Naapa. Kwangu lile lilikuwa tundu tu, na Ponsiano. Niliwatazama vibarua wanne wamesimama kando, mmoja anaokota mihogo ya yule mama na kuirudisha kwenye ndoo. Nikamwambia Mzee yote, tangu kibogoyo mpaka keke ya seremala. Nilitegemea atafoka. Alisikiliza mpaka mwisho. Akauliza tu kama kipande cha kuni nilishajaribu kukichomeka humo. Sikujua kama ni utani. Nikasema bado.

Akachukua simu akampigia Ponsiano. Alimwambia aje na drili, tepu ya chuma, na subira.

Jumanne, 12 Novemba

Wamefika saa tatu kamili. Bi Firdausi na miwani yake ya jua. Ponsiano na kisanduku chenye jina jekundu.

Ponsiano alinawa mikono. Kisha akatandika kitambaa cheupe chini, akaanza. Nipo iliyochomelewa, akaisaga, akaiweka kwenye kitambaa. Kipande cha ncha ya seremala, kitambaani. Vibonge vya gundi, kitambaani. Tepu nyeupe, au mabaki yake meusi, kitambaani. Alivipanga kwa mstari, kama mtu anayeuza dawa mnadani. Bi Firdausi akaanza kuuliza kimoja kimoja, hiki nini, na hiki nini. Vibarua walisogea kusikiliza. Nilijibu kwa istilahi za kitaalamu. Kwenye harufu istilahi zikaniishia. Nikasema mafuta ya kula.

Wakaivuta pini nje. Ina michubuko upande mmoja, na bushi, lile bomba la chuma linaloishika pini, limelika kidogo, lakini Ponsiano alisema itafanya kazi hii na nyingine kabla ya kubadilishwa. Mzee Shomari akasema alhamdulillahi kwa sauti.

Kisha drili. Kisha tepu. Niliangalia saa kwa siri, nikiomba izidi ile saa moja aliyojisifia. Aliipaka tepu grisi ili unga wa chuma ushike hapo usianguke ndani. Nusu mzunguko mbele, kidogo nyuma. Nusu mbele, kidogo nyuma. Hakuharakisha, wala hakunuka jasho. Akasafisha, akafunga nipo kubwa mpya kwa spana, akaniita mimi nibane pampu. Nilibana. Grisi nyeusi chafu ikatoka pembeni ya pini, halafu ya kahawia, halafu ikatoka safi pande zote mbili. Mzee Shomari akanyanyua ndoo mpaka juu. Kimya. Watu walipiga makofi. Mkono wangu mzima ulipiga paja, ulisahau kwamba hauko upande wa Ponsiano.

Saa moja na dakika kumi. Alizidisha dakika kumi! Nimeiandika hapa ili ijulikane.

Wakati huo huo mama mkwe anatokea na sinia la wali, kavuka korongo lote na wali kichwani. Akauliza bosi wa mkwewe ni yupi. Akampa Bi Firdausi mkono, akamwambia kijiji kizima kinamshukuru kwa kumleta fundi mkuu mwenyewe, Baba Yahya, badala ya wasaidizi. Nilitafuta shimo. Lilikuwepo, na refu, lakini limejaa makalavati.

Bi Firdausi alivua miwani. Alinitazama, akamtazama mama mkwe, akatazama kitambaa cheupe. Akasema, "Mama, sijapata kuona mtu mwenye bidii kama mkweo." Basi. Akakaa mkekani akala.

Baada ya chakula aliniita pembeni ya lori. Akasema ufundi mkuu ni wa Ponsiano kuanzia leo. Akasema kumfukuza mtu anayehangaika namna ile kuzuia nipo moja angeona tabu, maana angekaa anajiuliza nikiachwa huru nitafanya nini huko duniani. Kwa hiyo nabaki, ila kwa miezi mitatu kazi yangu ni moja. Kila asubuhi nifute kila nipo kwa kitambaa, nipige grisi, na kama moja imegoma nisiiguse, niite mtu. Akanirudishia maneno ya mwisho mara mbili. Nisiiguse. Niite mtu.

Ponsiano alikuja kunipa mkono. Nilimpa wa kushoto. Alisema mwaka wake wa kwanza kazini alivunja tepu tatu ndani ya tundu moja na akalia. Sijui kwa nini aliniambia. Nilitamani asingeniambia, sasa nashindwa kumchukia ipasavyo.

Alhamisi, 14 Novemba

Kalavati la sita limekaa leo saa nne. Mzee Shomari akafukia, akashindilia kwa mgongo wa ndoo, akapita juu yake mbele na nyuma. Nami nilikuwa nimefuta nipo zote ishirini alfajiri, kila moja, mpaka ya ishirini nikaifuta mara mbili.

Saa sita pikipiki ya kwanza ilivuka. Saa saba zikavuka kumi, na magunia ya mama mkwe yakiwa yamefungwa nyuma, moja moja, mimi nikikaza kamba. Kumi na moja yote yameingia ghalani. Gunia la mwisho lilipopokelewa tone la kwanza likaniangukia kichwani, na baada ya hapo mbingu zikafunguka. Tumejibanza wote chini ya bati la ghala tukitazama. Maji yalishuka korongoni mekundu, yakapiga makalavati, yakapita ndani, yakaenda zake. Barabara haikutikisika.

Mama mkwe akanishika bega. Akasema anajua kwamba mimi si fundi mkuu. Amejua tangu Jumatatu, yule mama wa mihogo ni shoga yake. Nikauliza, mbona basi juzi aliniita hivyo mbele ya bosi? Akasema alitaka waone nina watu.

Nimeenda nyuma ya ghala kidogo. Kulikuwa na moshi, macho yakaniwasha.

Jumamosi, 16 Novemba

Kibaha. Nipo arobaini na saba zimefutwa. Mkono unapona.

Nimetafakari sana haya yaliyonipata, nami nimeona kosa langu waziwazi. Gundi haikuwa na shida, ila ilikauka haraka mno. Moto pia haukuwa na shida, mafuta ndiyo yalikuwa ya alizeti. Kwa jumla mawazo yote yalikuwa sahihi, yalikosa muda tu.

Na angalia jinsi sifa zinavyosafiri! Leo saa tano amenipigia mtu wa Chole, simjui, ana trekta. Amesikia kwamba huko Masaki kulikuwa na fundi mwenye njia zake. Boliti ya kumwagia oili chini ya injini imekwisha meno, inavuja, mafundi wawili wamemwambia watahitaji drili na tepu na sijui nini. Nikacheka. Nikamwambia hizo ni njia za zamani kidogo.

Kumbe jibu lilikuwa kwa Mzee Shomari tangu siku ile, naye hakujua kama amelitoa. Mti! Unachonga kigingi cha mkorosho, unakigongea ndani, kinakunywa oili, kinavimba, hakitoki milele. Mti hauhitaji drili, hauhitaji gundi. Sijui kwa nini wenye vyeti hawajaligundua. Nimemwambia kesho saa mbili nitakuwa Chole, na itachukua saa moja, kasoro dakika kumi.

Bi Firdausi amekataza nisiguse mitambo yake. Trekta si yake.

Ponsiano amenikuta jioni nanoa panga nyuma ya karakana, akaniuliza kesho Jumapili naenda nalo wapi. Nimemwambia shambani.